Kifo cha Pili cha Bi Mesalimu

Kama mnataka kuzungumza habari za taa za barabarani na faini zake, nendeni mkazungumzie baraza nyingine. Hapa kwangu hapana. Mimi, Mejumaa, nilikuwa mtu wa kukaribisha watu kahawa na kuwaacha wabishane mpaka mate yawakauke, lakini neno hilo likitajwa sasa hubeba birika langu nikaingia ndani. Leo nawaambia kwa nini, halafu msiniulize tena.

Njia panda ile ya kutokea Bondeni kuingia barabara kubwa haikuwa na taa zamani. Magari yalipita kama yanafukuzwa. Siku moja gari likamgonga Heena, mjukuu wa Bwana Qasim mwenye duka la nguo Biashara Street, msichana ametumwa mkate tu, masikini. Alilazwa muda mrefu, na alipotoka mguu wa kushoto akawa anauburura. Bwana Qasim akajifunga kibwebwe. Akazunguka mji na karatasi ya saini, akaingia ofisi hii akatoka ofisi ile, mpaka wakubwa wakachoka kumuona, na mwaka wa tisini na tano wakaleta taa. Hata mimi nilitia saini yangu. Siku taa zilipowashwa tulipiga vigelegele kama tunamtoa mwari.

Mwaka uliofuata mvua za masika zikaingia, na taa za upande wetu, ya kuingia Bondeni na ya kutoka, zikaganda kwenye nyekundu. Hazigeuki manjano, hazigeuki kijani. Asubuhi nyekundu, jioni nyekundu. Sasa utafanyaje, ulale pale? Watu wakajitungia sheria yao: unasimama, unapiga honi mara mbili, unatoa kichwa dirishani, mwenzako wa barabara kubwa akikupungia mkono unapita. Sheria nzuri tu, na hakugongwa mtu hata mmoja.

Halafu trafiki wakaigundua taa. Wakawa wanajibanza nyuma ya kibanda cha madafu, wewe ukishapita tu, mkono huo juu: simama, umevunja taa nyekundu, faini. Mchana kutwa wanavuna. Na taa yenyewe hakuna aliyekuja kuitengeneza.

Mume wangu Chirau alikuwa dereva wa teksi, gari lake mwenyewe, Peugeot kuukuu aliyoipenda kuliko mashati yake. Kila baada ya alasiri yeye na Bwana Qasim walikaa hapa barazani wakibishana habari hiyo hiyo, na mimi pembeni nikidarizi kofia zangu.

"Fundi mmoja na waya mmoja," Chirau akisema. "Mbona hawaitengenezi? Kwa sababu inawalisha! Ikiwa nzima watakula wapi?"

"Bila faini hakuna dereva anayesimama," Bwana Qasim akijibu, na vidole vyake vyembamba vinagonga kikombe. "Wewe hukukaa hospitali ukisikiliza mtoto akilia mguu. Mimi nilikaa. Waache wale hizo pesa, bora watoto wavuke."

"Taa ni mbovu, Bwana Qasim!"

"Mbovu, lakini unasimama, au siyo? Zamani ulikuwa husimami."

Hapo Chirau hubaki kuapa. Alikuwa akiapa kwamba siku wakimpeleka kortini atasimama mbele ya hakimu kifua wazi na kumwambia, mheshimiwa, siyo kosa, taa yenu mbovu, na kortini kutatikisika. Mimi nilimwambia anyamaze anywe kahawa. Mdomo ule, Mungu alimpa wa watu watatu.

Basi na madereva nao siyo malaika. Mji wetu huu mnaujua, jeneza likipita kila kitu kinasimama. Basi linazima injini, mwenye duka anatoka mlangoni, asiyemjua maiti anakimbia akatie bega japo hatua mbili apate thawabu. Hata trafiki mkali vipi, akisikia maiti hulegea. Madereva wakaishika huruma hiyo kama kamba. Ukikamatwa pale taani unakunja uso: "Afande, nawahi maziko." Wakazikwa mashangazi, wakazikwa wajomba, kuna mmoja alimzika babu yake aliyekwisha kufa tangu zamani za Mwingereza.

Chirau naye akashikwa zamu yake. Aliyemshika ni askari mwanamke, Truphosa, mtu wa bara, mgeni hapa mjini, uso wa upole. Chirau akamwambia, "Afande, mamangu amefariki." Na machozi akayatoa, kwa kuwa mume wangu akitaka kulia hulia. Yule mwanamke akavua kofia yake ya kazi. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti yake mwenyewe, akampa kupitia dirishani. "Ya sanda," akamwambia. "Pole sana, kaka."

Chirau alirudi nyumbani anacheka mpaka anashika ukuta. Mamake, Bi Mesalimu, alikuwa amelala pale ukumbini, kifua kinamsumbua tangu Ramadhani. Nilidhani atakasirika. Wapi! Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamkimbilia na maji.

"Niue tu, mwanangu," akasema, anapangusa macho. "Niue hata kila siku, bora wasile jasho lako. Ila siku ya kweli uwepo."

"Nitakuwepo wapi tena, mama?"

"Ndani. Unipokee."

Hapo hakuwa anacheka tena. Na hili lazima mlielewe, maana ndilo jambo lenyewe. Mavyaa yangu alikuwa mwanamke wa haya kupita kiasi. Fundi akija kutengeneza bomba yeye anaingia chumbani na kufunga. Mwanamume asiyekuwa wake hakuwahi kumuona hata unywele. Na mwanamke akifa, mnajua, wanaoingia kaburini kumteremsha wanatakiwa wawe maharimu wake, mtoto, ndugu, watu wa damu. Mumewe alikwisha kufa, ndugu zake wamekufa, jamaa waliobaki wako Msambweni huko. Hapa mjini alikuwa na mmoja tu, huyu Chirau. Kila kifua kikimzidi alinishika mkono: "Mejumaa, nisije nikashikwa na wageni. Mwambie mwanangu." Nami nikimwambia, "Mama, mwanao yuko, ataenda wapi?"

Zile pesa za Truphosa nilimwambia Chirau azirudishe. Maiti siyo kitu cha kufanyia mzaha, nilimwambia, tena na mwanamke wa watu aliyekuvulia kofia. Akasema kesho. Kesho akamnunulia mamake halua.

Siku chache baadaye yule askari akapita kwenye kituo cha teksi, akamuuliza Tsofa, dereva mwenziwe Chirau, maziko yalikwendaje. Tsofa hakuwa ameambiwa lolote. "Maziko ya nani? Bi Mesalimu? Jana tu nimempelekea maziwa!" Na akacheka, na wote pale wakacheka, na askari wenziwe waliposikia wakampa jina, wakawa wanamwita Mama Rambirambi. Nilipoambiwa nilitamani ardhi inifiche kwa niaba ya mume wangu. Yeye alisema, "Atasahau."

Bi Mesalimu alikufa Ijumaa alfajiri. Alitoa pumzi moja ndefu, nikangoja nyingine, haikuja. Chirau alikaa chini akamfumba macho kwa kiganja chake, akamfunga kidevu kwa ukanda wa leso, akalia kimya kimya, siyo kama kule taani. Mimi sikuwahi kumuona vile.

Mwalimu Kamaludin, anayesimamia maziko hapa mtaani, akaja akasema tukiharakisha tutamswalia baada ya Ijumaa. Wanawake wakaanza kuteka maji ya kumuosha. Chirau akawasha gari kwenda kwa Bwana Qasim kuchukua sanda na kafuri. "Narudi sasa hivi," akaniambia. "Msimtoe bila mimi." Nikamwambia, "Wewe tena! Nenda urudi."

Tulimuosha. Tukamfunika leso tukakaa tunangoja sanda. Tukangoja, tukangoja, udi ukaisha chetezoni nikatia mwengine. Badala ya Chirau nikaona Tsofa mlangoni, jasho linamtiririka, hata salamu hakutoa.

"Shemeji, Chirau kashikwa. Pale taani, wakati anarudi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Alisimama, akapiga honi, akapungiwa, akapita. Leo wana msako, hawaandiki faini, wanapakia watu kwenye karandinga."

"Hakuwaambia ana maiti?"

Tsofa akaangalia chini. "Aliwaambia. Alikuwa yule yule mwanamke. Akamwambia, mamako hufa mara ngapi, kaka?"

Tsofa akanieleza yote. Chirau alimfungulia yule askari mlango, akamuonyesha sanda kwenye karatasi, akaapa kwa Mungu. Kila aliyekuwa kwenye karandinga akacheka. "Hata sanda unatembea nayo siku hizi!" mmoja akamwambia. Gari likachukuliwa na sanda ndani yake.

Nilivaa buibui nikatoka mbio. Kituoni walinizungusha, ngoja hapa, kaa pale, mpaka nikapiga meza kwa kiganja na kusema siondoki. Truphosa akatoka chumba cha ndani. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Afande, mimi ni mkewe. Mama amekufa kweli. Nimemuosha kwa mikono hii, nuse, bado ina kafuri ya kuazima."

Alinitazama. Hakuwa na ukali, alikuwa amechoka. "Dada," akasema, "mara ile nililia mimi. Nilifika nyumbani nikamwambia hata mtoto wangu amwombee. Sasa unataka nilie tena?"

"Usilie! Nenda ukamuone maiti kwa macho yako!"

"Wameshaondoka kwenda kortini. Hata ningetaka, sasa ni mkono wa hakimu." Akarudi ndani.

Ningemtukana, na tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini ningemtukanaje? Kosa siyo lake. Nilisimama pale uani nikalia kwa hasira, hasira ya Chirau na midomo yake, hasira ya taa, hasira ya mimi mwenyewe kukaa nalia wakati mama yuko ukumbini bila sanda. Ndipo nikamkumbuka Bwana Qasim. Yeye ndiye aliyeitoa ile sanda. Na yeye ndiye mtu pekee wa mtaani ambaye trafiki walimsikiliza, maana wakati wa jua kali alikuwa akiwapelekea chai pale taani kuwashukuru.

Nilimkuta anataka kufunga duka aende msikitini. Nilipomwambia alikaa kwenye majora ya bafta kama aliyesukumwa.

"Amekamatwa kwa taa ile?"

"Kwa taa yako, Bwana Qasim! Ile uliyotuletea! Furahi sasa, kasimama!"

Nilimkosea adabu mzee wa watu. Aliinuka, akavuta bafta nyeupe, akaichana kwa mikono, raa, raa, kipande baada ya kipande, sanda nyingine kamili. Akamwita Heena. "Peleka kwa Bi Mesalimu, sasa hivi. Usisimame na mtu." Nikamuona yule binti anaibana kifuani, anauburura mguu wake haraka haraka kwenye jua, watu wanampisha. Halafu Bwana Qasim akachukua kofia yake na fimbo. Swala ya Ijumaa ilimpita mzee yule, jambo ambalo sidhani lilikuwa limemtokea maishani.

Kituoni hakupiga kelele. Alimwambia Truphosa maneno machache tu. "Binti yangu, mimi ndiye niliyeiomba taa ile. Sijawahi kuwaombea dereva hata mmoja. Sanda ile nimeichana mimi leo asubuhi, na huyu bwana alikuwa amesimama mbele yangu hawezi hata kunitajia urefu wa mamake kwa kulia."

Truphosa akashika mdomo. Akakaa. Akasimama tena. Sikumngoja aseme kitu, nilishamuona uso. "Twendeni kortini," akasema, akatangulia yeye.

Korti ilikuwa imejaa madereva mpaka kwenye ngazi. Tsofa alikuwa pale nje ameshikilia geti, nikamwambia asiondoke, Chirau akishatoka ndipo yeye akimbilie nyumbani kuwaambia wangoje. Truphosa akapenya, akamnong'oneza mwendesha mashtaka. Yule akatikisa kichwa, akanong'onezwa tena. Tukakaa. Kesi zinaitwa moja moja, hakimu anaandika polepole kama anayeandikia wajukuu wake. Kundi moja likasomewa, likatolewa kwa mlango wa pembeni, karani akasema kwa sauti, "Hawa rumande mpaka Jumatatu." Mimi wala sikulijali, Chirau hakuwa kati yao.

Adhana ya alasiri ikasikika dirishani. Nikainuka kumtazama karani, nikakaa tena.

Ndipo wakamwita Chirau. Alitoka miguu mitupu, mkanda hana, anashika suruali kwa mkono mmoja. Nikasema moyoni, Mola wangu, mfunge mdomo. Maana hii ndiyo siku aliyokuwa akiiapia, kifua wazi mbele ya hakimu. Akisema siyo kosa, kesi inaahirishwa, naye anarudi ndani.

"Ulipita taa ikiwa nyekundu. Kosa au siyo kosa?"

Chirau akatutafuta kwa macho, akaniona mimi, akamuona Bwana Qasim. "Kosa, mheshimiwa."

"Una lolote la kusema?"

Nilimuona anafungua mdomo. Nilimuona anaufunga. "Sina."

Hakimu akamtajia faini, Bwana Qasim akaenda dirishani kulipa hata hajaulizwa. "Na nikikuona hapa tena kwa taa," hakimu akasema bila kuinua kichwa, "leseni yako naifuta na wewe unalala ndani. Umesikia?" Chirau akasema amesikia.

Nje pale, kando ya Peugeot yetu, Truphosa alikuwa amesimama na ufunguo wa gari mkononi. Akasema, "Kaka, nisamehe."

"Wewe ulimlilia kabla yangu," Chirau akamjibu. Akachukua ufunguo.

Tsofa sikumuona getini. Nikashukuru, nikajua ameshatangulia kuwaambia watungoje. Na kweli alikuwa ametangulia. Lakini alitangulia zamani. Alimsikia karani akitangaza rumande mpaka Jumatatu, hakuona nani na nani wametoka, akapanda gari lake mbio mpaka nyumbani, akawaambia wazee waliokaa na jeneza: Chirau harudi mpaka Jumatatu. Wazee wakatazamana. Maiti tangu alfajiri, jua lile, jamaa wa Msambweni hawajavuka feri, na mtoto yuko ndani. Mwalimu Kamaludin akawaambia ikishindikana kabisa watu wema wanaruhusiwa kumteremsha. Hakuna aliyefanya kosa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, namtafuta mtu wa kumshika koo simpati.

Tulifika nyumbani kwa njia ya nyuma isiyopita taani, Chirau, mimi na Bwana Qasim. Baraza tupu. Heena alikuwa mlangoni na wanawake, akatuona, akaanza kulia kabla hatujateremka.

"Wameshamtoa," akasema. "Wamesema hurudi."

"Zamani?" Chirau akamuuliza.

"Si zamani. Ukienda upesi utawakuta."

Chirau hakuzima hata injini. Aligeuza gari pale pale, mimi nimo nyuma, Bwana Qasim kiti cha mbele, wala sikukumbuka kwamba wanawake hatuendi makaburini. Kutoka kwetu kwenda Kikowani, ng'ambo ya barabara kubwa, kwa gari ni kitambo kidogo tu. Nikasema tutawakuta. Nikawa nalisema kwa sauti, tutawakuta, tutawakuta. Tukakata kona ya msikiti, tukapanda, na mbele yetu ile taa.

Nyekundu.

Chirau akakanyaga breki. Akapiga honi mara mbili. Barabara kubwa hapakuwa na gari la maana, mtu mmoja wa mkokoteni akasimama akatupungia mkono, pita. Kule kibanda cha madafu sikuona askari. Nikangoja gari liondoke. Haliondoki.

"Pita," nikamwambia.

Mikono yake miwili ilikuwa imeukamata usukani.

"Chirau, pita! Mama yuko njiani!"

"Itageuka," akasema.

"Haigeuki! Tangu masika haijageuka, wewe mwenyewe unajua!" Nikampiga bega, nikampiga tena. Gari za nyuma zikaanza kupiga honi. Bwana Qasim akageuka akamshika mkono.

"Pita, mwanangu. Mimi ndiye niliyeileta taa hii. Mimi nakwambia pita."

"Wakinisimamisha?"

"Wakikusimamisha waambie unakwenda—" Bwana Qasim akauachia mkono wa Chirau.

Chirau akamgeukia. Sijawahi kuona uso ule kwa mtu mzima. "Niwaambie nini?" akasema. "Bwana Qasim, niwaambie nini? Niwaambie mamangu amekufa?"

Honi nyuma zinalia, mtu wa mkokoteni anapunga mkono, pita, pita. Chirau akafungua mlango. Akateremka, akaliacha gari na injini yake inanguruma katikati ya njia, akavuka barabara kubwa anakimbia miguu mitupu, ameshika suruali kwa mkono, anakimbia vibaya, kama mtu asiyekimbia tangu utotoni. Bwana Qasim akateremka naye akamfuata na fimbo yake.

Nikabaki peke yangu. Kuendesha sijui. Watu walikuja dirishani wakanitukana, ondoa gari mama, una wazimu? Niliwatukana nao, matusi ambayo sikujua kama ninayo. Pembeni yangu juu ya kiti palikuwa na ile sanda ya asubuhi, ndani ya karatasi yake, haijafunguliwa. Nikaiweka mapajani nikaikumbatia. Nikasema, mama, anakuja, anakimbia, wangoje kidogo. Nikasema vile mara nyingi sana.

Halafu nikaziona kofia. Wanaume wanarudi upande wa pili wa barabara, wengi, kimya, wanapangusa mchanga mikononi na kwenye magoti ya kanzu. Mwalimu Kamaludin akaniona, akaja mpaka dirishani. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mejumaa," akasema, "tulitanda shuka mbili juu ya kaburi. Niliingia mimi na wazee wawili. Wallahi hakuna aliyeinua macho." Akaenda zake.

Chirau alikuja mwisho, Bwana Qasim amemshika kiwiko, sijui nani alikuwa akimwongoza nani. Nikawa na tamaa bado. Nikasema labda alifika kabla hawajafukia, labda alitia japo konzi tatu za mchanga kama watu wote. Akafungua mlango, akakaa mahali pake. Nikainama mbele nikaitazama mikono yake.

Ilikuwa safi. Akaiweka juu ya usukani, akaitazama taa, akangoja.